Friedrichstadt, mji wa Waholanzi kaskazini mwa Ujerumani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa ndugu aliyeko Hamburg anayetafuta pa kwenda Jumamosi moja, na pia kwa yule ambaye hatafika huko lakini anapenda kujua watu wengine waliishije. Mji wenyewe ni mdogo, unaumaliza kwa miguu kabla ya adhuhuri. Habari zake ni nyingi kuliko mitaa yake.

Friedrichstadt iko wapi?

Iko katika jimbo la Schleswig-Holstein, wilaya ya Nordfriesland, pale mto Treene unapoingia katika mto Eider. Mji mkubwa wa jirani ni Husum, kilomita kama 15 kuelekea kaskazini. Wakazi ni kama 2,500 hivi. Nchi yote ya huko ni bapa kama sinia: ukipanda juu ya tuta la udongo unaona kondoo, mitambo ya upepo, na mvua inayokuja kabla haijakufikia.

Kwa nini unafanana na miji ya Uholanzi?

Kwa sababu Waholanzi ndio walioujenga. Walipima barabara zilizonyooka zinazokatana kwa pembe, wakaweka uwanja wa soko katikati, wakachimba mifereji, wakajenga nyumba nyembamba za matofali ambazo kuta zake za mbele hupanda kwa vidato kama ngazi hadi kileleni. Upande wa magharibi wa uwanja wa soko nyumba za namna hiyo zimesimama bega kwa bega, na watu wengi huja na kamera kwa ajili ya hizo tu. Msingi wa nyumba ya kwanza uliwekwa tarehe 24 Septemba 1621. Kwa hiyo mwaka 2021 mji ulitimiza miaka 400.

Waholanzi walifuata nini huko?

Hapa kuna pande mbili zilizohitajiana, na ukizielewa hizo mbili umeuelewa mji mzima.

Upande wa kwanza ni mtawala wa Gottorf, sehemu ya Schleswig-Holstein ya wakati ule, Friedrich wa Tatu, aliyezaliwa mwaka 1597. Alipoanzisha mji huu alikuwa kijana wa miaka 23. Nchi yake ilikuwa ndogo, imebanwa na mfalme wa Denmark, na hazina yake haikuwa imejaa. Amsterdam aliiona inavyotajirika kwa biashara ya baharini, naye akatazama ramani yake mwenyewe: magharibi ana Bahari ya Kaskazini, mashariki ana Bahari ya Baltiki, na kati yake ni kipande chembamba cha nchi kavu. Akajiuliza, kwa nini bidhaa zisipite kwangu? Mahali alikuwa napo. Watu wanaojua meli, mikopo, masoko na maji hakuwa nao.

Upande wa pili ni watu wa namna hiyo hasa, ambao wakati ule ule walikuwa wanafukuzwa kwao. Hao ni Warimonstranti.

Warimonstranti ni akina nani?

Ni Wakristo wa Uholanzi waliofuata mafundisho ya Jacobus Arminius, mwalimu wa chuo kikuu cha Leiden aliyefariki mwaka 1609. Kanisa kuu la nchi yao lilifuata Ukalvini, na Wakalvini wakali walifundisha kwamba Mungu ameshachagua tangu mwanzo nani ataokoka na nani atapotea, na mwanadamu hana la kuongeza. Arminius alisema neema inatoka kwa Mungu, ila mwanadamu anaweza kuipokea au kuikataa. Msomaji aliyewahi kukaa barazani na kusikia wazee wakijadiliana kuhusu kudra na hiari ya mja atalitambua suala hili mara moja. Ni lile lile.

Mwaka 1610 wafuasi wake waliandika hati ya hoja tano na kuipeleka serikalini. Hati ya malalamiko kama hiyo iliitwa rimonstransi, nalo jina likawaganda. Ugomvi ukapanda kutoka mimbarini hadi kwenye siasa. Sinodi ya Dordrecht, iliyokaa mwaka 1618 hadi 1619, iliwahukumu. Wachungaji wao walivuliwa kazi na wengi wakafukuzwa nchini. Mwanasiasa mkongwe aliyewaunga mkono, Johan van Oldenbarnevelt, alikatwa kichwa mwaka 1619. Mwanasheria Hugo Grotius alitiwa ndani katika ngome ya Loevestein, akatoroka mwaka 1621 akiwa amejikunja ndani ya sanduku la vitabu ambalo mkewe, Maria, alilipanga litolewe kama vitabu vya kurudishwa. Ni mwaka ule ule msingi wa Friedrichstadt ulipowekwa. Mwanatheolojia mmoja wa kundi hili, Conrad Vorstius, alikimbilia huku akafa mwaka 1622 katika mji jirani wa Tönning, na amezikwa Friedrichstadt.

Mtawala aliwaambia waje: mtaabudu mnavyotaka, mtajitawala kwa taratibu zenu, mtaandika mambo yenu kwa Kiholanzi. Nao wakaja.

Kwa hiyo uhuru wa dini ulitokana na biashara?

Ndiyo, na sioni haja ya kulificha jambo hilo. Friedrich mwenyewe alikuwa Mlutheri na watu wake walikuwa Walutheri, na wachungaji wao hawakufurahia hata kidogo kuwaona wageni wa imani nyingine wakipewa ruhusa. Yeye alipiga hesabu: kila kundi linaloteswa mahali lina mafundi, lina fedha, lina ndugu katika bandari nyingine. Wamenoniti wakakubaliwa. Wakatoliki wakakubaliwa, kwani alitaka kufanya biashara na Hispania, na huwezi kumwalika mfanyabiashara wa Kihispania ukamnyima misa. Baadaye wakaja Wakweka, na Wayahudi kuanzia mwaka 1675.

Kinachonigusa mimi ni kilichofuata. Biashara ilidorora, lakini watu hawa waliendelea kuishi mlango kwa mlango, kizazi baada ya kizazi. Mlutheri alinunua kwa Mmenoniti, Mrimonstranti alikaa baraza moja la mji na Mlutheri, na hakuna aliyemchomea mwenzake nyumba kwa sababu ya sala zake, katika karne ambayo Ujerumani nzima ilikuwa inateketea kwa vita vya miaka 30 kati ya Wakristo na Wakristo. Mtawala alipanda kwa ajili ya faida, na watu wa kawaida wakavuna amani.

Je, wote walipokelewa sawa?

Hapana. Ndugu wa Poland, kundi lililokataa fundisho la Utatu na kufukuzwa kwao, walifika mwaka 1662 wakitafuta makazi. Mwaka uliofuata wakaamriwa kuondoka. Ruhusa ya mtawala ilikuwa na mipaka, na aliyekuwa nje ya mipaka hiyo alifunga mizigo yake tena.

Hadithi ya hariri ya Uajemi ni ya kweli?

Ni ya kweli kabisa. Baada ya kujenga mji, mtawala alihitaji bidhaa ya kuujaza. Mfanyabiashara wa Hamburg, Otto Brüggemann, akamshawishi kwamba hariri ya Uajemi inaweza kupitishwa Urusi hadi Baltiki na kushuka Schleswig-Holstein, bila kuzunguka Afrika kwa meli za Waholanzi na Waingereza. Mwaka 1633 ujumbe wa kwanza ukaenda Moscow kuomba njia. Ruhusa ikapatikana kwa malipo mazito. Mwaka 1635 ujumbe mkubwa zaidi ukaondoka. Katibu wake alikuwa msomi Adam Olearius, na ndani yake alikuwamo pia mshairi Paul Fleming. Meli yao waliyoipa jina la mtawala ilivunjika katika Bahari ya Kaspi mwaka 1636. Walifika Isfahan mwaka 1637, wakapokewa na Shah, mfalme wa Uajemi, wakala karamu, lakini mkataba wa biashara haukupatikana. Kijana mmoja wa msafara, Johan Albrecht von Mandelslo, aliagana na wenzake huko huko akaendelea hadi India.

Waliobaki walirudi nyumbani mwaka 1639 mikono mitupu. Brüggemann alishtakiwa kwa ubadhirifu na ukatili wake njiani, akauawa mwaka 1640. Olearius alirudi na kitu kilichodumu zaidi kuliko hariri: alichapisha maelezo ya safari mwaka 1647, kisha mwaka 1654 akatoa tafsiri ya Kijerumani ya Gulistan, kitabu cha Saadi, mshairi wa Shiraz huko Uajemi. Kwa njia hiyo mashairi ya Shiraz yalifika katika nchi ya ukungu na ng'ombe.

Kwa nini haukuwa Amsterdam?

Sababu ni nyingi na zilikuja pamoja. Vita vilifika mwaka 1627. Mto Eider ulikuwa na mchanga na mikondo migumu kwa meli kubwa. Hamburg ilikuwa tayari na nguvu. Na kubwa kuliko zote, hali ya Uholanzi ilibadilika: baada ya mwaka 1625 mateso yalilegea, na Warimonstranti wengi wenye mitaji wakarudi kwao Amsterdam na Rotterdam. Nani hatarudi kwao mlango ukifunguliwa? Waliobaki ni wale waliokwisha kuota mizizi.

Baadaye ukoo wa Gottorf ulipoteza sehemu yake ya Schleswig, na kuanzia mwaka 1721 mji ukawa chini ya mfalme wa Denmark hadi vita vya 1864. Umaskini ulioletwa na hayo yote ndio uliouhifadhi mji. Hakuna aliyekuwa na fedha za kubomoa nyumba za kale na kujenga za kisasa.

Mifereji inafanya kazi gani? Ni pambo tu?

Leo wageni huiona kama pambo. Zamani ilikuwa uhai wa mji, na mtu wa pwani ataielewa haraka kuliko mtu wa bara.

Eider ni mto unaojaa na kupwa na bahari. Treene ni mto wa maji baridi unaoteremka kutoka bara. Zamani maji ya bahari yalipojaa, hasa wakati wa bamvua na dhoruba ya magharibi, yaliingia Treene na kuzamisha mashamba hadi mbali. Mwaka 1570, miaka 50 kabla ya mji kuwapo, Treene ilizibwa kwa tuta. Maji yake yakaelekezwa kwenye njia mbili zenye malango. Lango la namna hiyo ni kazi ya akili sana: maji yakipwa upande wa Eider, uzito wa maji ya Treene huyasukuma mabawa ya mlango yakafunguka na mto ukatoka, maji yakijaa, bahari yenyewe huyasukuma mabawa yakajifunga. Hakuna mtu wa kuamka usiku.

Kati ya njia hizo mbili, Westersielzug na Ostersielzug, ndipo Waholanzi walipoweka mji wao. Ndiyo maana Friedrichstadt ni kisiwa: Treene kaskazini, Eider kusini, na njia za maji kila ubavu. Mfereji wa katikati, Mittelburggraben, unaukata mji karibu na uwanja wa soko, na juu yake kuna daraja la mawe ambalo kila mgeni hulisimamia. Hatari yenyewe haikuwa ya kufikirika. Usiku wa tarehe 11 Oktoba 1634 gharika liliivunja vipande ndani ya saa chache Strand, kisiwa kikubwa cha pwani hiyo, likaua maelfu ya watu. Baada ya mafuriko ya Februari 1962 Ujerumani iliamua kuufunga mdomo wa Eider kwa malango makubwa ya chuma na zege, yaliyokamilika mwaka 1973. Tangu hapo watu wa mjini hulala vizuri zaidi.

Zile picha ndogo juu ya milango ni za nini?

Ni alama za nyumba. Kabla ya namba za nyumba, mtu alijitambulisha kwa picha iliyochongwa kwenye jiwe na kutiwa rangi: ua, mnyama, kinu cha upepo, chombo cha kazi. Barua ilifika kwa kusema "nyumba yenye kinu". Desturi hii walikuja nayo kutoka Uholanzi, na wenyeji wa leo wanaitunza na kuongeza mpya. Usipite haraka. Nilikaa karibu nusu saa mbele ya mlango mmoja wa kijani: jiwe dogo juu, waridi limepanda kutoka kwenye tundu dogo lililoachwa katika sakafu ya mtaa, na chini ya dirisha benchi la mbao lililosuguliwa na watu kukaa. Mama mmoja alitoka na mkasi, akakata mawaridi yaliyonyauka, akanisalimu kwa neno moja, akarudi ndani.

Neno hilo ni lipi?

"Moin." Husemwa asubuhi, mchana, jioni na usiku. Jibu lake ni hilo hilo. Mwenyeji wa kaskazini si mtu wa maneno mengi, lakini usidhani amekununia. Kwa mtu aliyezoea kuulizana habari za nyumbani, za watoto na za kazi kabla ya shida yenyewe, ukimya huo unahitaji kuzoewa. Ukikaa naye meza moja mara ya tatu, utaona anavyojali.

Kijerumani ndicho lugha ya kila siku. Wazee bado wanaongea Plattdeutsch, Kijerumani cha nchi bapa za kaskazini, kinachokaribiana na Kiholanzi. Kuna pia Wadenmaki wa asili, raia wa Ujerumani, wenye shule na ibada zao kwa Kidenmaki.

Leo kuna madhehebu gani?

Walutheri, Warimonstranti, Wamenoniti, Wakatoliki na Walutheri wa Kidenmaki. Usharika wa Warimonstranti ndio pekee ulio nje ya Uholanzi, na mchungaji husafiri kutoka huko kuja kuongoza ibada. Wamenoniti husali katika jengo lililoshikana na Alte Münze, nyumba ya matofali ya mwaka 1626 ambayo sasa ni makumbusho ya mji. Ukiwa na muda wa kanisa moja tu, ingia la Walutheri, St. Christophorus, lililojengwa mwaka 1643 hadi 1649. Mchoro wa madhabahuni, Kristo akiombolezewa baada ya kushushwa msalabani, ni kazi ya Jürgen Ovens ya mwaka 1675. Ovens alijifunza Amsterdam, akaishi Friedrichstadt, na akafa humo mwaka 1678.

Wayahudi wa Friedrichstadt walipatwa na nini?

Katika karne ya 19 walihesabika kwa mamia na walikuwa sehemu kubwa ya maisha ya mji: wenye maduka, mafundi, wazazi wa watoto waliocheza kwenye madaraja yale yale. Sinagogi lao lilifunguliwa mwaka 1847. Wengi walihamia miji mikubwa baadaye, kama vijana wa miji midogo wafanyavyo popote. Waliobaki, Wanazi waliwafikia. Novemba 1938 sinagogi lilivunjwavunjwa ndani, kisha likageuzwa nyumba ya kuishi. Wayahudi wa mji walifukuzwa, wakahamishwa kwa nguvu, wakauawa.

Naandika hili nikijua mji huu unasifiwa kwa kukaribisha kila dini. Zaidi ya miaka 250 ya ujirani haikutosha kuwalinda. Leo jengo ni mahali pa utamaduni na kumbukumbu, na barabarani kuna mawe madogo ya shaba yenye majina ya waliochukuliwa, yamewekwa mbele ya milango yao. Inama uyasome. Jina, mwaka wa kuzaliwa, mahali alipouawa.

Mbona upande mmoja wa mji una nyumba mpya zaidi?

Kwa sababu ya siku sita za mwaka 1850. Wadenmaki walikuwa wameushika mji, na jeshi la Schleswig-Holstein likaupiga mizinga kuanzia tarehe 29 Septemba hadi 4 Oktoba likitaka kuurudisha. Halikufanikiwa. Zaidi ya nyumba 100 ziliharibiwa, pamoja na jumba la baraza la mji na kanisa la Warimonstranti. Kanisa lilijengwa upya na kumalizika mwaka 1854.

Nile nini, na nijihadhari na nini?

Mkate mdogo wenye kamba wadogo wa Bahari ya Kaskazini, au samaki wa heringi aliyetiwa chumvi, pamoja na vitunguu. Kamba hao ni wadogo kama uduvi na watamu. Anayeepuka pombe aulize kabla ya kuagiza: kahawa ya Pharisäer ina ramu chini ya krimu, na kakao iitwayo Tote Tante pia. Kwa macho huwezi kujua.

Nifikeje, na niende lini?

Treni ya kutoka Hamburg, njia ya Husum na Sylt, kama saa mbili hivi. Wakati mwingine unabadilisha njiani. Kituo kiko pembeni kidogo ya mji, unatembea. Juni ni wakati wa mawaridi. Mwishoni mwa Julai kuna sikukuu za mji, na usiku mashua zilizopambwa taa za karatasi hupita mifereji moja nyuma ya nyingine. Wakati wa baridi karibu kila kitu kimefungwa. Boti za kuzungusha wageni hupita chini ya madaraja ya chini mno. Nahodha akisema inama, inama.

Kuna chochote kinachouunganisha mji huu na Afrika Mashariki?

Kipo, na kina mabawa. Upande wa mashariki wa Friedrichstadt kuna kijiji cha Bergenhusen, mashuhuri kwa makorongo weupe wanaojenga viota juu ya mapaa ya nyasi. Hula vyura na panzi katika majani mabichi ya bonde la Treene na Eider. Mwezi wa Agosti wanaondoka. Korongo hawavuki bahari pana, maana wanahitaji hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini ili waelee bila kupiga mabawa; kwa hiyo huzunguka Bosporus, Sinai na bonde la Nile, wakashuka Sudan, na wengine wakaendelea hadi Kenya, Tanzania na Afrika Kusini. Mkulima wa Serengeti au Laikipia anayewaona Desemba wakitembea polepole nyuma ya moto wa nyasi, anaona ndege ambao mwezi wa Aprili watu wa Bergenhusen watatoka nje kuwahesabu, kiota kwa kiota, kuona nani amerudi.